Midomo kabla ya mahari

Kwenye kituo cha afya cha Karuba tulikuwa wanne: muuguzi, msichana mchumba wa mtu, nyanya yake, na mimi na mgongo wangu unaouma. Msichana alitaka kwenda Goma kudungwa sindano ya kujaza midomo, kidogo tu.

"Itavimba siku mbili, tatu," muuguzi alisema. "Kisha miezi kadhaa, inarudia vile ilikuwa."

"Na siku ya mahari utakunywa maziwa namna gani mbele ya wakwe?" nyanya aliuliza. "Yakimwangika, watasema hatukukufundisha."

Msichana alijigusa mdomo. "Basi nitaenda baada ya ndoa, Tate," alimwambia nyanya yake.

"Enda. Bwana yako akikosa kukutambua, mimi nitamuonyesha ni wewe."

Nimeona maamuzi ya serikali yaliyofikiriwa kidogo kuliko uamuzi huo. Jumamosi, siku ya mahari, msichana alikunywa maziwa vizuri. Nyanya alifariki Jumanne iliyofuata; kazi ya kumuonyesha bwana ikabaki bila mtu.