Computer ya kazini ilinizimikia kila nikiingia nikiwa nyumbani mtaa wa Tena, nusura nirudishwe dukani

Wakuu, hamjambo humu ndani.

Kwa muda mrefu nimekuwa msomaji tu wa nyuzi za wengine, leo nimeona zamu ni yangu. Haya yamenipata mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mkifika mahali nimejiaibisha, jueni hapo ndipo penye ukweli mtupu.

Mimi ni mtu wa design kwa duka moja la printing mtaa wa Umoja, Nairobi. Mabango, kadi za harusi, programu za mazishi. Naishi mtaa wa Tena na mama yangu.

Mama alipata stroke. Upande wa kushoto ukalegea, mkono hata kikombe haukushika. Dada yangu alikaa naye miezi miwili, kisha ikabidi arudi Kitui kwa watoto wake. Nikabaki mimi.

Bosi wangu, Hassan, alinielewa. Akaniruhusu nifanyie kazi nyumbani. Laptop yangu ni kamzee, haibebi program za design, kwa hivyo nikaweka remote desktop. Nikiwa Tena naingia kwa computer yangu ya dukani, kazi inafanyika kule, mimi huku naona screen tu.

Wiki ya kwanza ilikuwa raha mustarehe.

Wiki ya pili balaa likaanza. Naingia, nafanya kazi kama nusu saa, screen inaganda, halafu nakatwa. Nikijaribu kurudi, computer haipatikani kabisa.

Nampigia Rukia, dada anayekaa kaunta. Anaenda chumba cha nyuma, anaiwasha, ananiambia, "Iko fiti, Musyoka. Imewaka."

Naingia tena. Nusu saa, chali.

Mnajua mtu wa IT wa kujifundisha mwenyewe alivyo. Kwanza nililaumu internet. Nikahamia bundles za simu, ikazima. Nikapunguza ubora wa picha, ikazima. Nikatoa program ya remote nikaiweka upya, nikajaribu hata nyingine. Wapi!

Ndipo nikafungua event log, ile sehemu computer inaandika yaliyoipata. Kumbe shida haikuwa connection. Log ilisema mashine yenyewe ilizimika ghafla.

Hapo ndipo nilipokosea, wakuu. Niliamua kuna mtu anachomoa waya.

Na nani mwingine yuko dukani kutwa? Nikamwambia Hassan amuulize Rukia kama huwa anachomoa computer yangu ili achemshe chai. Jioni Rukia akanipigia, sauti imebadilika.

"Wallahi Musyoka, sijawahi gusa hiyo waya. Si ungeniuliza mimi kwanza?"

Sikumwamini.

Hassan naye akafika mwisho. Familia moja ilikuja kuchukua programu za mazishi, ikakuta hazijaisha.

"Bana, hii sasa imezidi," akaniambia. "Nakupea mpaka Friday. Ikikataa, urudi dukani ama nitafute mtu mwingine."

Sitawaficha, niliogopa. Nikirudi dukani Mama anabaki peke yake kutwa, na wakati huo hata chooni hafiki bila kushikwa. Nikiacha kazi, hiyo nyumba ya Tena tutailipia na nini?

Alhamisi nikamwomba jirani akae naye, nikaenda dukani mwenyewe. Nikaketi kwa computer yangu tangu asubuhi, nikafungua mafaili mazito yote niliyonayo.

Haikuzima hata mara moja! Rukia alikuwa akipita ananitazama tu.

Saa tisa nikasalimu amri. Nikazima screen, mashine yenyewe nikaiacha ikiwaka ili nijaribu kuingia nikifika nyumbani. Nilipofika mlangoni nikageuka kumuaga Rukia.

Alikuwa anaifunika.

Alikuwa ametoa kwa droo kitambaa kizito cha uzi wa sweta, akaivisha CPU, lile boksi lenyewe la mashine, juu mpaka chini, akanyoosha pembe vizuri. Nanyi mnajua kwetu: TV ina kitambaa, kochi lina kitambaa, redio ina kitambaa. Kiti kikiwa kitupu, basi computer ifunikwe vumbi lisiingie, hata kama inawaka.

Nikamuuliza ameanza lini kuifunika.

"Tangu ukilete," akasema. "Si ni ile zawadi ya mathako? Hassan alisema ikae kwa mashine yako, ni heshima."

Mathako, yaani mama yangu mimi! Ile wiki ya kwanza ilipoisha, Mama alinipa kifurushi nimpelekee Hassan, shukrani kwa kuniruhusu nikae naye. Alikifuma mwenyewe, sehemu ya mazoezi ya mkono. Mimi nilidhani kimeenda kwa kochi la Hassan.

Tulikiacha dakika ishirini, nikaingiza mkono chini yake. Moto kama pasi. Hewa haiingii, mashine inachemka, inajizima ijiokoe. Rukia akija kuiwasha anaifunua, inapoa, anaifunika tena. Nami nikiwa dukani iko wazi siku nzima.

Nilimwomba Rukia msamaha hapo hapo, Hassan akisikia. Alisema, "Sawa, imeisha," lakini siku hiyo hakutabasamu, na sikumlaumu. Kitambaa kikahamia meza ya kaunta. Sijakatwa tena mpaka leo.

Somo nililopata ni hili: kabla hujamshuku mtu, muulize anafanya nini na hiyo mashine ukiwa haupo. Nilimpigia Rukia kila siku na swali hilo sikuwahi kuliuliza.

Waliowahi kuzimikiwa na remote hivi, kwenu ilikuwa nini? Na kama kuna njia ya kuona joto la mashine nikiwa mbali, nifundisheni hapo chini.

Mtauliza kama Mama nilimwambia. Nilitaka kunyamaza, lakini aliniuliza kama kitambaa kinatumika, nikashindwa kumdanganya. Nikamweleza polepole kwamba kiliziba hewa.

"Haikupita kabisa?" akauliza.

"Haikupita, Mama."

Akautazama mkono wake wa kushoto, akakunja vidole, akavikunjua.

"Cha kwanza nilikifumua," akasema. "Mkono ulikuwa haukazi uzi, mashimo matupu. Basi mkono unarudi, Musyoka."