Fundi Bodi Asiyenunulika

Mara ya kwanza Tullio Benassati kumwendea Learco Predieri, alimkuta ameinamia gogo, anagonga bati la alumini kama mtu mwenye kisasi nalo. Benassati aliunda magari ya kusambazia maziwa hapo Modena, na sasa alitaka gari lake la kwanza la mbio ndefu, zile za mchana na usiku kucha. Injini alikuwa nayo. Bodi nyepesi, mjini pale, ilikuwa kazi ya Predieri.

"Njoo kiwandani kwangu, fundi. Utapata mshahara, na kiwanda kina joto."

"Joto ninalo. Mke wangu hukasirika kila asubuhi."

Benassati akacheka, ila hesabu yake haikucheka. Fundi asiye wako leo, kesho ni wa mshindani wako. Alibembeleza, akatisha, akaondoka na ahadi ya bodi moja tu, itengenezwe palepale karakanani.

Predieri hakuchora. Alikunja waya mnene hadi ukawa kiunzi cha gari zima, kisha akayalinganisha mabati juu yake. Gari likamaliza mbio likiwa la tano, magari ya matajiri yakiwa yamelala mitaroni. Wiki haikuisha, wateja wakawa mlangoni wakitaka kama lilelile.

Benassati akakimbilia karakanani. "Niuzie kile kiunzi."

"Kipi? Nimeshakikunjua. Waya wake sasa umo kwenye gari la maiti la kule Spilamberto."

"Umeniua, we mzee!"

"Acha kelele. Nani hapa huacha kiunzi ukutani, majirani waje kuiba umbo? Nitakukunjia kingine."

"Kitafanana?"

"Kama ndugu. Siyo kama pacha."

Benassati alitembea barabara nzima akiwaza. Jioni aliwaambia wateja kwamba kwake kila mtu hupata gari la peke yake, na bei imepanda. Wakalipa.

Mwaka uliofuata alipeleka magari mawili mbioni. Moja likang'oka mlango. Wakalivua mlango lile la pili, lililokwisha kuharibika injini, lakini ukakataa kuingia: ndugu, siyo pacha. Waamuzi wakalitoa mbioni.

Benassati alipata jina na wateja wenye majivuno, lakini kiwanda kikubwa hakukipata, wala Predieri. Naye Predieri alizeeka akiwa bwana wa karakana yake, masikio yameuawa na nyundo, na baada yake hakuna aliyebaki anayejua kukunja waya ule.