Njia ya Mama Mkwe

Nikikutana na muuza vyungu sokoni Kimamba siwezi kumpita. Nainama, naingiza uso mdomoni mwa mtungi na kuvuta pumzi. Wauzaji wamenizoea, ila kuna kijana mmoja huniuliza kama nimekuja kununua mtungi au kuuposa. Acha acheke. Mtungi mpya una harufu ya moshi wa nyasi na ya udongo ulioonja mvua ya kwanza, na harufu hiyo hunirudisha uani kwa bibi yangu mzaa mama, enzi za Mwingereza, mkonge ukiwa umetanda kutoka relini hadi miguuni mwa milima. Nakaa na harufu ile kidogo, nafurahi, kisha kabla sijainua uso moyo unaanza kunisuta. Watoto wangu nimewaeleza habari hii nusunusu tu. Ninyi nawaeleza yote.

Bibi alikuwa Msagara, na kazi yake ilikuwa ufinyanzi. Katika kambi za manamba, wale waliokuja kwa mkataba kutoka mbali kukata mkonge, watu walipikia vyungu vyake, na hata Kilosa mjini nyumba nyingi zilipoza maji katika mitungi yake. Alikuwa akiketi chini, miguu ameinyoosha, analizungusha donge polepole kwa mikono huku kuta zinapanda, halafu anazisugua kwa kipande cha kibuyu mpaka zing'ae. Mwisho kabisa aliviringisha gunzi la muhindi shingoni mwa chungu, na gunzi likaacha safu ya vitundu vidogo. Alama hiyo alirithi kwa mama yake. Mtu wa huku akiona vile vitundu alijua chungu kimetoka kwa nani.

Udongo wake ulitoka mahali pamoja tu. Palikuwa na shimo kwenye bonde la kijito, limefichwa na kichaka kizito, na njia ya kwenda huko ilianzia nyuma ya nyumba yake. Ilikuwa njia ya wanawake. Mwanamume hakuikanyaga, na wanawake wenyewe wakifika shimoni hawakuitana majina wala hawakupiga soga. Kila aliyekwenda kuchimba alibeba kigae cha chungu kilichovunjika, akakitia shimoni kwanza, ndipo akachukua udongo. Bibi alisema ardhi ile ilimpa bibi yake, ikampa mama yake, ikampa na yeye, na haijapata kudai zaidi ya kurudishiwa kilicho chake. Alichimba udongo wa kumtosha kiangazi kile tu. Kuulimbikiza nyumbani aliona ni uroho.

Mama yangu hakujifunza kazi hiyo. Bibi alisema mikono ya mama ina haraka. Basi zamu ilikuwa yangu, na nilikwisha kuahidiwa kwamba kiangazi kitakachofuata nitapelekwa shimoni na kigae changu mwenyewe, nianze. Kigae nilikuwa nacho tayari, kipande cha chungu kilichoniponyoka kwa bahati mbaya ambayo, nawaambia ninyi tu, haikuwa mbaya sana.

Sasa nije kwa baba. Baba alikuwa Mnyamwezi. Alikuja kama manamba, mkataba ukaisha, hakurudi kwao kwa sababu alikuwa amemwona mama. Akapandishwa kuwa mnyapara, tukapewa nyumba ya bati pale kambini. Mnajua mambo ya ukwe yalivyokuwa: mwanamume na mama mkwe wake hawatazamani usoni, hawasemeshani, hawapishani katika njia moja. Wenyeji walilishika hilo kwa kadiri. Baba, kwa kuwa alikuwa mgeni aliyeoa ugenini, alilizidisha. Akimwona Bibi kwa mbali na mzigo wake wa kuni, aliacha njia, akaingia majanini, akavua kofia na kuchuchumaa akiwa ameelekeza uso upande mwingine. Siku moja alichuchumaa kwenye upupu. Bibi naye aliona kofia nyasini, akasimama kwa heshima ili mkwewe atoke kwanza apite. Mmoja anasubiri huku, mwingine anasubiri kule. Mama alipotokea kuwaamua, baba alikuwa amevimba mpaka masikio.

Mimi ndiye niliyekuwa mdomo wao. Baba alinituma nimpelekee Bibi shikamoo, nakimbia, Bibi ananirudisha na marahaba. Mara nyingine walikuwa pande mbili za ukuta mmoja, kila mmoja anamsikia mwenzake vizuri kabisa, na mimi bado naizunguka nyumba na shikamoo yangu mkononi. Nilijiona mtu mkubwa sana.

Mwaka huo katani ilikuwa na bei nzuri, na bwana mkubwa wa shamba, Mzungu, akaamua kuongeza mkonge upande wa kijito. Baba alipewa kazi ya kuweka mpaka kwa vigingi na kamba. Alichoambiwa ni kimoja: mstari unyooke. Alianzia relini na vijana wake, wakaja hivyo hivyo mpaka wakafika karibu na njia ya Bibi. Hapo baba alisimama. Mwanamume mwingine angeingia kuona mle kichakani mna nini. Baba alijua tu kwamba hiyo ni njia ya mama mkwe wake, na mtu mwenye adabu hachunguzi mama mkwe wake anakwenda wapi. Aliwakataza vijana kuingia. Akazunguka mbali, akavuka kijito upande wa chini, akasimika kigingi ng'ambo, akakilinganisha kwa macho na kile cha huku. Mstari ukanyooka juu ya kichaka kizima pasipo mtu kukanyaga ndani.

Jioni ile alimsimulia mama huku ananawa. Alikuwa na furaha. Alisema ameupima upande wote ule na hakutia hata kidole kwenye njia ya mkwewe. Mama akamsifu, maana alidhani njia imeachwa nje ya mpaka. Mimi nilikuwa pale napembua mchele, nikaona fahari kuwa na baba wa namna hiyo.

Bibi ndiye aliyegundua. Alikwenda shimoni na wenzake akakuta kigingi upande huu, kigingi upande ule, na shimo lao ndani ya shamba la Mzungu. Alikuja kwetu baba akiwa kazini, akakaa mlangoni, akauliza kwa sauti ya chini ni nani aliyepima. Nikajibu mimi. Nilisema ni baba, na kwamba alikuwa na adabu sana, hakukanyaga njia yake hata kidogo. Nilisema hayo kwa kumpamba baba. Bibi alinitazama, akanishika kichwa, akaondoka bila kunywa maji.

Baba alipoambiwa hakula. Asubuhi alikwenda kwa bwana mkubwa kuomba mstari upindishwe kidogo tu pale bondeni. Alijibiwa kwamba shamba halipindishwi kwa ajili ya shimo la udongo, na kwa kuwa vigingi ni vyake, alifukie yeye na watu wake trekta lisije likatumbukia. Mama alimtaka akatae. Baba akasema akikataa ataitwa mwingine alifukie, na sisi tutalala nje. Wakati ule sikuwa na umri wa kumlaumu, na leo nimekuwa mzee mno kumlaumu.

Kabla watu wa baba hawajafika, wanawake walitangulia. Walibeba vigae vyote walivyokuwa navyo majumbani, wengine wakavunja vyungu vizima. Nami nikapelekwa. Nilivua ndala zangu za tairi la gari, nikakitia kigae changu shimoni, na hakuna aliyeniambia nichukue udongo. Kisha tukapanda mwinuko, tukakaa na kutazama. Vijana walifukia kwa makoleo bila kuimba, na watu wa mkonge walikuwa hawafanyi kazi bila kuimba. Baba alisimama kando, kofia mkononi, ameligeuzia shimo mgongo. Hata wakati ule hakutazama.

Mkonge ulipokwisha kupandwa, baba alinunua jembe jipya na kaniki, akaniita. Aliongea taratibu kama mtu anayemfundisha mtoto kuhesabu.

"Mama, mpelekee bibi yako hivi. Mwambie nimekosa. Mwambie sikujua, kwa sababu sikutazama."

Nilimkuta Bibi uani, mikono imekauka, haina udongo. Nikautoa ujumbe wote bila kuruka neno. Alivipokea vile vitu kwa mikono miwili, akaviweka mapajani, akawa anaipapasa kaniki mpaka kuku wakaanza kuingia ndani.

"Mwambie baba yako nimepokea," alisema. "Na ile njia, mwambie sasa anaweza kupita."

Nilikimbia, wasomaji wangu, nilikimbia kama mtu aliyebeba habari ya harusi. Mwanamke yule hakuwahi kumruhusu mwanamume yeyote, na sasa amemfungulia baba yangu! Nilimkuta anakula. Nikamwambia huku nacheka. Aliniambia nirudie. Nikarudia, tena kwa madaha, nikaongeza na kicheko. Akaweka tonge chini, akanawa, akatoka nje. Nilimuuliza mama kwa nini baba hafurahi na amekwisha kusamehewa. Mama akaniambia nitoe vyombo.

Bibi alijaribu tena. Ndugu zake wa Mikumi walimpelekea udongo wa kwao, matenga mawili. Alifinyanga vyungu vizuri kwa macho, akavipanga, akavifunika nyasi na magome, akawasha. Vililia ndani ya moto kimoja baada ya kingine, na asubuhi tukaokota vipande. "Udongo huu haunijui," alisema. Hakufinyanga tena. Mikono yangu ilibaki kuwa mikono ya shule, na shule ile nilisomeshwa kwa mshahara wa mnyapara. Hilo nalo hunikaa kooni ninapokunywa maji ya mtungi wa mwanamke mwingine.

Ilinichukua miaka mingi kumwelewa Bibi. Njia yake ilifungwa kwa sababu mwisho wake palikuwa na kitu cha kuheshimiwa. Kitu hicho kilipofukiwa, iligeuka kuwa njia ya mtu yeyote, na ndivyo alivyomwambia mkwewe. Naamini alimsamehe, kwa kuwa hakuwa mtu wa kupokea jembe kwa mikono miwili huku moyo umekunja ngumi. Lakini alimwambia pia kilichopotea, na baba alilisikia hilo kutoka kinywani mwa mtoto wake anayecheka. Mpaka leo nikikumbuka kicheko changu natamani ardhi inifunike.

Baba hakupita. Mkonge wa pale ulipofikia kukatwa alimtuma msaidizi wake asimamie. Uhuru ukaja, shamba likaja likafa, mkonge ukarefuka milingoti, kichaka kikarudi, na watu wakaifanya ile kuwa njia ya mkato ya kwenda ng'ambo ya kijito. Baba, mzee na mkongojo wake, alizunguka kwa mbali juani, watoto wakimcheka.

Siku tuliyomzika, makaburi yalikuwa ng'ambo hiyo. Vijana waliobeba jeneza wakakata kuelekea njia ya mkato. Nilitoka kwenye kundi la wanawake, mtu mzima na wajukuu wangu, nikaenda kusimama mbele yao na kuwaomba wazunguke. Jua lilikuwa kali, wakanung'unika, na mmoja akaniuliza kwani huko kuna nini.

Nikamwambia hakuna kitu. Tukazunguka.