Herufi P Juu ya Dirisha la Tumbo

Wilondja, fundi mwashi kutoka Fizi, Kongo, hakuwahi kukanyaga Uingereza, lakini ukimwamsha usingizini angekutajia ukuta wa nyumba moja ya pwani ya huko una safu ngapi za matofali. Picha aliletewa katika kambi ya wakimbizi ya Dzaleka na Mayi Nkhoma, muuguzi Mmalawi aliyeishi nyumba hiyo miaka tisa na sasa alitaka tatu kama hiyo Lilongwe, zimeshikana kwa mstari, majirani wakitumia ukuta mmoja. Picha haina vipimo. Kwa hiyo Wilondja akahesabu matofali, moja moja, mpaka akapata kimo cha ghorofa na upana wa lile dirisha lililotokeza mbele kama tumbo la mjamzito, ili wenye nyumba waone bahari kulia na kushoto. Lilongwe wangeona mabati ya mtaa wa Mtandire, lakini hilo halikumhusu. Alichora miezi minne, na hakuna kitu alichowahi kukitaka kama kuiona nyumba ile imesimama.

Halafu jirani yake Zénon akaazima michoro, eti ajifunze. Mwizi mkubwa! Akaipeleka kwa Mayi, akasema Wilondja ameshindwa, na michoro ni ya mkono wake yeye. Akarudi kambini patron mzima, bosi wa kazi, na bila haya akamwita Wilondja aje kubeba matofali.

Wilondja akaenda Lilongwe. Watu walidhani ni njaa. Ilikuwa chuki, na chuki hiyo ilimwamsha mapema kuliko wote.

Tumbo lenyewe likamshinda kila fundi kwa kona zake, wakampa mwiko Wilondja. Akalijenga vizuri hata akajichukia. Hapo ndipo alipoona kosa. Pale ukuta wa mbele unapokatika ili tumbo litokeze, mchoroni yeye aliandika P kubwa: poutre, kwa Kifaransa boriti, ya zege, ya kubeba ghorofa nzima. Zénon aliisoma porte, mlango. Akasimamisha fremu ya mlango, ya mbao, na matofali yakawa yanapanda juu yake.

Wilondja alitaka kucheka. Akahesabu safu, akajua ukuta utavumilia mpaka Ijumaa, siku Mayi anapokuja. Akafunga mdomo.

Ijumaa akafuta mikono, na mbele ya Mayi akauliza, kwa Kichewa chake cha sokoni, patron awaeleze ghorofa itabebwa na nini.

Zénon akakunjua mchoro, jasho likimtoka. "Yaya, hii P njo nini?" akamnong'oneza Wilondja, kama mtu na kaka yake. "Unisaidie, batanifukuza!"

"Si we njo ulichora?" Wilondja akajibu. "Soma."

Mayi akaitazama ile fremu, ilikuwa imeshaanza kupinda. "Zikomo, bwana," akamshukuru Zénon, na Zénon akaelewa amefukuzwa, akatafuta kabaza, baiskeli ya abiria, ya kumwondoa pale. Wilondja alimsindikiza kwa macho mpaka akapotea. Utamu wa kisasi ulimfika mpaka kooni.

Kisha Mayi akasema ukuta wote ubomolewe pamoja na tumbo lake, maana vimeungana, na kwamba amechoka na mambo ya Uingereza. Atajenga nyumba ya kawaida, ya chini. Nani atabomoa bila kuua mtu?

"Mimi," akasema Wilondja, kwa kuwa hakukuwa na mwingine aliyejua kona zile zimefungwa vipi. Akapanda na nyundo, akaanza na tofali aliloliweka mwenyewe asubuhi ile, udongo wake wa kuungia bado haujakauka.