Jina la Eudocia Kwenye Magunia Arobaini

Jumanne, tarehe 14 Mei 2019, Arequipa, nchini Peru. Asubuhi kavu, jua kali, upepo wa baridi kutoka mlima Misti. Ndani ya kiwanda cha sufu watu walikuwa bado wanatoa mvuke mdomoni.

Eudocia Ccahuana alikuwa na miaka hamsini na sita, na thelathini na mmoja kati ya hiyo ameimaliza kwenye meza moja, akichambua kwa vidole sufu ya alpaka, mnyama wa milimani wa jamii ya ngamia. Siku za kazi hakupaka mafuta mikononi wala hakuvaa pete. Alishika fungu la sufu, akafumba macho, akalipitisha juu ya mdomo, kisha akalitupa kwenye kapu lake: laini kabisa, laini, ya kati, nene. Gunia likijaa alilifunga kwa uzi mwekundu. Wanunuzi wa ng'ambo hawakuijua sura yake, ila uzi ule waliujua.

Mwezi Machi kiwanda kilileta mfumo wa kompyuta. Eudocia hakuupinga. Zamani gunia liliweza kupotea ghalani wiki nzima. Sasa lilipatikana kwa kubonyeza mara mbili. Hata lebo alizipenda, maana zilichapwa jina la mchambuaji.

Asubuhi hiyo, akienda kuchukua chai yake ya majani ya koka, alipita penye lori. Magunia arobaini yalisubiri kupakiwa, hayana uzi wake mwekundu. Aliinama akasoma lebo. Laini kabisa. Mchambuaji: E. Ccahuana.

"Nieves," alimwita mwenzake wa meza ya jirani, "umeniona nikiyafungua haya?"

"Labda umeyachambua usingizini, shoga. Dai likizo."

Injinia Renzo Zegarra, msimamizi wa mfumo, alikuja na tableti yake mkononi.

"Fundi, hakuna ubaya hapo. Ni sufu ya wafugaji wale wale wa Caylloma. Tuliuingizia rekodi za zamani, na mfumo unakumbuka kwamba mwaka jana wewe uliipa daraja la kwanza, kwa hiyo umejaza wenyewe. Tumeokoa siku tisa."

"Na jina langu umelijaza wenyewe?"

"Lebo haitoki bila jina la mchambuaji."

"Basi andika lako."

Wanawake kwenye meza wakacheka. Renzo akajikuna shingo. "Mimi sufu siijui, fundi."

"Na hiyo kompyuta inaijua?"

"Lori linaondoka saa sita. Ukilizuia, meza yako usiitegemee tena."

Eudocia akaketi juu ya gunia. "Meza chukueni. Jina nilipewa na baba yangu, si ninyi."

Nieves naye akaja akaketi juu ya gunia la pili, kazi yake ya kufuma mapajani.

"Chagua gunia," Eudocia alimwambia Renzo, "usije ukasema nimechagua mimi."

Renzo akanyoosha kidole. Eudocia akakata mshono, akazamisha mkono mpaka kiwiko, akatoa fungu. "Fumba macho. Pitisha mdomoni. Usione haya, sisi tunafanya hivyo kila siku."

Renzo akafanya. "Inachoma."

"Ya mnyama mzee. Ukame umewabana Caylloma, wameuza wachanga na kubaki na vikongwe. Mfumo wako unakumbuka alpaka walioondoka zizini zamani."

Renzo alifungua mengine mawili mwenyewe. La tatu lilikuwa laini kweli. "Na hili?"

"Hilo zuri. Ungejuaje bila kuligusa?"

Lori liliondoka tupu. Renzo hakuomba radhi. Alimwandikia mnunuzi kwamba mzigo utachelewa, kisha akarudi na tableti. "Sasa penye daraja niandike nini?"

"Bado haijaguswa."

"Mfumo hauna nafasi hiyo."

"Iweke. Si wewe ndiye injinia?"

Jumatano Eudocia alifika kabla ya kengele, akavaa miwani na kuketi mbele ya kompyuta. Renzo alisema anaweza kuyafuta majina yote kwa mpigo mmoja. Eudocia akakataa. Aliliondoa jina lake gunia baada ya gunia, kwa kidole kimoja, mara arobaini. Kisha akakata vipande vya uzi mwekundu, akavipanga ukingoni mwa meza yake, akaagiza aletewe gunia la kwanza.