Mwaka Kanisa Lilipohama Kariakoo

Kanisa letu lilinuka ndala mpya. Lilikuwa ukumbi wa kupanga, ghorofa ya kwanza, Kariakoo, juu ya duka la jumla la viatu vya plastiki, na kila Jumapili harufu ya mpira ilipanda ngazi pamoja nasi ikatulia madirishani mpaka ibada iishe. Nilikuwa na miaka kumi hivi, nikidhani makanisa yote yananuka vile. Chini wapagazi walipiga miluzi wakisukuma mikokoteni. Juu watu wa Mara waliimba nyimbo walizojifunza kwao, kando ya Ziwa, ambako wamisionari waliileta imani hiyo enzi za babu zetu. Majirani walituuliza sisi ni dhehebu gani, na tukisema Wamennonite walituomba tulirudie neno. Mama alikuwa na jibu lake fupi: ni sisi tusiobatiza watoto wachanga, tusioshika silaha, tunaotawadhana miguu kabla ya Meza ya Bwana.

Kabla ya ukumbi ule kulikuwa na chumba cha Shangazi Nyangeta, dada mkubwa wa baba. Alitangulia kuja mjini, akawa anauza dagaa wa Ziwa sokoni, na mtu yeyote aliyefika kutoka Mara bila kujua aende kusali wapi alielekezwa kwake. Siku ya Jumapili masufuria yalisukumwa chini ya kitanda, vigoda vikaazimwa kwa wapangaji wenzake, na watu wakasali wakiwa wamebanana mpaka kwenye ukumbi wa nyumba. Walipozidi, dayosisi ikawaletea mchungaji, likaundwa baraza la wazee, kanisa likapata muhuri. Wanawake hawakuwamo barazani. Baba, aliyekuwa karani bandarini, akachaguliwa kuwa katibu.

Mwaka ninaousimulia, wiki chache kabla ya Pasaka, baraza lilitangaza kwamba kiwanja kimepatikana Buguruni na kwamba kanisa zima litahamia huko. Shangazi alizisikia habari hizo akiwa benchi moja na wageni, ingawa uamuzi ule uliandikwa na mdogo wake wa tumbo moja. Hakuwa na ugomvi na Buguruni. Alimwambia mama kwamba kinachomuuma ni kuwa hakuna aliyemuuliza. Tangu siku hiyo hakuja tena nyumbani kwetu. Mama alinituma kwake na chakula, nami nilirudi na bakuli limeoshwa, lina embe au ndizi ndani, lakini bila salamu kwa baba.

Ilikuwa desturi, wiki ya kuelekea Meza ya Bwana, mashemasi kupita nyumba kwa nyumba wakiuliza swali moja: je, una amani na ndugu zako? Kwetu alikuja Shemasi Magesa, mzee mpole aliyezungumza taratibu. Baba alijibu haraka kwamba ana amani na watu wote, akamkaribisha chai. Shemasi alipoondoka kwenda kwa Shangazi, mama alinipa bakuli la wali nimfuate. Kwa hiyo nilikuwepo alipouliza tena swali lake.

"Nina amani na wote isipokuwa mmoja," Shangazi alisema. "Sina amani na Mafuru."

Mafuru ni baba yangu. Shemasi akamwambia kwamba kwa jibu hilo hataweza kushiriki Meza ya Bwana.

"Najua. Ndiyo maana nimekwambia."

Jumapili ile wanaume walitawadhana upande wao na wanawake upande wao, kama utaratibu ulivyotaka, hivyo kaka na dada wasingeweza kuoshana miguu hata kama wangependa. Shangazi aliketi benchi la mwisho. Mama alibeba beseni mpaka kwake, akapiga magoti. Shangazi akaivuta miguu yake chini ya benchi.

"Wifi, inuka," alisema. "Siyo wewe niliyekosana naye."

Hakupaza sauti, lakini ukumbi ulikuwa kimya na baba alisikia. Mkate ulipomfikia baba, alitikisa kichwa, ukapita. Kikombe nacho kikapita. Watu walitazama sakafu. Baada ya ibada aliwaambia wazee wenzake kwamba alimdanganya shemasi.

Baraza liliitishwa upya, safari hii wanawake wakaitwa waseme. Shangazi alizungumza juu ya wapagazi na akina mama wa sokoni ambao husali katikati ya kazi na wasingeweza kufika Buguruni na kurudi. Uamuzi wa kuhama haukubadilika. Ila walikubaliana kwamba watakaobaki Kariakoo wawe tawi la Buguruni, na wanawake wapate nafasi barazani. Shangazi akakifungua tena chumba chake kwa ibada. Mimi nilisubiri kuona yeye na baba wakikumbatiana. Hawakukumbatiana. Walipeana mikono kama watu waliokutana ofisini.

Leo kanisa la Buguruni lina vigae, feni na spika kubwa. Jengo la Kariakoo lilibomolewa, pamesimama ghorofa refu la maduka ya simu. Barazani wanawake ni wengi, na vikao vimekuwa virefu. Mashemasi hawapiti tena majumbani. Swali lao hutumwa kwenye kundi la WhatsApp, na "Amina" humiminika kabla hujamaliza kulisoma. Siwalaumu, mji umetanuka na watu wanakaa mbali.

Baba ameshafariki. Mwaka jana nilimuuliza Shangazi, ambaye sasa ni mzee sana, kama amani yao ilipatikana katika kikao kile. Alisema hapana.

"Baba yako alikuwa anakuja Jumamosi, anakula, anaondoka. Hakutaja kanisa, na mimi sikulitaja. Mwaka ukapita hivyo. Halafu Jumamosi moja akachelewa, nikajikuta nimesimama mlangoni naangalia njia anayotokea."