Zizi Alimolala Babu

Watu wakitazama picha zangu huniuliza msukumo naupata wapi. Kuuliza si ujinga, kwa hiyo nawajibu: nyumbani. Wanaridhika, wanapiga picha kwa simu, wanasogea ukuta wa pili. Picha zenyewe ni za mandhari tu: mashamba, uzio wa minyaa, mawe makubwa, anga la kiangazi. Wengi husema zinawakumbusha kwao. Jibu langu si uongo, ila ni fupi mno.

Babu mzaa baba alizikwa zizini. Kwa Wasukuma wa zamani mwenye mji hakuwekewa msalaba wala saruji. Alilazwa katikati ya zizi lake, na jioni ng'ombe wakarudishwa humo humo, wakakanyaga mpaka pasijulikane palipochimbwa. Ndiyo heshima yenyewe. Baadaye zizi likijaa samadi linahamishwa, na pale pa zamani panalimwa, maana hakuna udongo unaostawisha mahindi kama ule. Kwetu zizi lilihama mara nyingi.

Baba hakuwepo kwenye mazishi. Alikuwa Chato kwenye uvuvi, na habari ilimfikia watu wakiwa wameshatawanyika. Asiyekuwepo na lake halipo. Bibi ndiye aliyejua mahali, na kwa kuwa alikuwa bado hai, baba hakuona haja ya kumuuliza. Kisha bibi naye akafariki, akazikwa kikristo nyuma ya nyumba, kaburi la saruji.

Ndipo ikaja kampuni ya mgodi, na kijiji kikatakiwa kuhama. Vijana waliotumwa walikuwa na adabu, hilo nalisema. Walipima nyumba, wakaandika miti, wakaulizia makaburi. La bibi likahamishiwa Ushirombo, familia ilikokuwa inahamia, padri akasali vizuri. Baba akawaambia lipo jingine.

"Liko wapi, mzee?"

Baba akanyoosha mkono, akazungusha shamba zima. Vijana wakatazamana. Mmoja akasema kwa upole, "Mzee, shamba zima hatuwezi kulihamisha." Wakampa muda atafute, hadi mitambo itakapofika upande ule.

Baba akanipigia simu. Mimi naishi Kahama.

"Wewe ndiye uliyekuwa unamfuata bibi yako asubuhi akienda kutambika," alisema. "Unakumbuka alikuwa anasimama wapi?"

"Nakumbuka kidogo, baba."

"Basi chora. Si ndiyo kazi yako?"

Hakuwahi kuuita uchoraji kazi. Nikamwambia kumbukumbu ya mtoto haiaminiki, nisije nikawachimbisha watu bure.

"Nimezeeka," akasema. "Siwezi kwenda kumkuta huko, halafu aniulize nilimwacha wapi nisijue."

Nikachora. Nilimkumbuka bibi ameshika kibuyu cha maji yenye unga wa mtama, ameelekea jua linakochomoza, anapuliza yale maji kwa mdomo na kutaja majina. Kushoto kwake palikuwa na jiwe kubwa lenye mgongo kama ng'ombe aliyelala. Nyuma yake kona ya uzio wa minyaa. Zaidi ya hapo sikuwa na kitu, kwa sababu nilikuwa mdogo na nilikuwa nasikia baridi.

Nilipofika na karatasi yangu, nyumba zilishabomolewa na minyaa imeng'olewa yote. Jiwe lilikuwepo, lakini jiwe bila uzio halikuonyesha umbali. Baba aliishika ile karatasi kwa mikono miwili, akasogea mbele, akarudi nyuma, akasema hapa. Ndugu zangu wakachimba. Hapakuwa na kitu. Nikachora upya, bibi nikamsogeza kidogo. Wakachimba tena, likatoka jino. Baba aliligeuza kiganjani muda mrefu, akaniuliza kama ni la mtu.

"La ng'ombe, baba."

Akaliweka chini taratibu, kama kitu cha mwenyewe.

Tulichimba na sehemu nyingine, na nyingine. Muda ukaisha. Magari ya mgodi yakaanza kumwaga mawe pale, na sasa pana kilima ambacho hakikuwepo. Hakuna aliyemlaumu mwenzake. Tulirudi Ushirombo, tukala ugali na dagaa, baba akaomba chumvi. Nilitegemea nitalia nikifika kwangu. Sikulia. Moyo ulikuwa umeingia ganzi, kama mguu uliokaliwa vibaya, tofauti ni kwamba huu haukuzinduka.

Nikaendelea kuchora kwa sababu mkono ulishazoea. Kila picha bibi alisimama mahali pengine, mpaka nikachoka kumhamisha, nikamtoa. Pakabaki mahali tu. Nikaingia kwenye rangi, kisha kwenye chapa: nachonga ubao, napaka wino, natandaza karatasi juu, nasugua kwa mgongo wa kijiko. Zikaanza kununuliwa. Wanunuzi husema zina utulivu, na mimi sibishani na mteja. Nikiwa kazini sihisi utulivu wala huzuni. Nahisi kijiko.

Hoteli moja ya Kahama ilinipa ukumbi wake nionyeshe picha zangu, na baba akaja kwa basi bila kuniambia. Alivaa koti lake la kanisani. Miguu ilikuwa imeanza kumvimba, akitembea kwa fimbo, lakini alikataa kiti. Alipita picha moja moja, uso karibu na ukuta kana kwamba ananusa. Mtu mmoja akamsifia mzee jinsi anavyopenda sanaa. Mimi nilijua anachotafuta, nikawa namfuata nyuma.

Mbele ya picha moja kubwa akasimama. Akainua kidole, karibu aguse rangi.

"Hapa," alisema. "Ndipo hapa, ng'wanawane?"

Ng'wanawane ni mwanangu kwa Kisukuma. Hakuwa ameniita hivyo tangu nilipokuwa mtoto.

Katika picha ile jiwe lilikuwa kulia. Nililihamishia huko kwa sababu upande wa kushoto ulikuwa umezidiwa na miti. Kona ya uzio niliichukua kwenye boma nililoliona nikipita Kagongwa. Cha kwetu humo kilikuwa rangi ya udongo peke yake.

"Ndipo, baba," nikamjibu.

Akavua kofia. Akainama kidogo, akasema kwa sauti yake ya kawaida, kama mtu aliyekutana na mkubwa wake njiani, "Shikamoo, baba."

Akangoja, kiasi kile kile mtu anachongoja kuitikiwa. Nyuma yetu mhudumu alikuwa anapanga vikombe. Nami nilingoja nihisi kitu, chochote, na kilichokuja ni wasiwasi kama msumari utahimili uzito wa ile picha.

Baba akavaa kofia, akasema sasa kiti anakikubali, na chai kama ipo. Nikamletea. Mhudumu akamwelekeza kwenye meza, mahali ambapo angekaa vizuri zaidi, mgongo kwa ukuta. Baba akamkatalia. Akakigeuza kiti mwenyewe, akakaa ameielekea picha, akainywa chai yake yote bila kuipa mgongo.